Muulize Mwalimu: Siku Moja Siracusa

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu anasoma Catania, Italia, na Desemba hii ananiita nikamwone. Anataka siku moja twende Siracusa, mji wa kale ulio baharini, eti una majengo ya "baroko". Mimi ni mama lishe hapa Kihesa na magoti yananisumbua. Baroko ndiyo nini? Kuna cha kunifanya nijikokote mpaka huko?
Mama wa Kihesa, Iringa

JIBU: Marahaba mama, kamwene. Jikokote.

Baroko ni ujenzi usiovumilia ukuta mtupu: nguzo zimepangwa mbele, roshani za chuma zimetoa matumbo kama zimeshiba, malaika wa mawe kila pembe. Tetemeko la Januari 1693 liliangusha miji ya upande ule wa Sicily, kisiwa chenye Catania na Siracusa, na mtindo uliokuwapo wakati wa kujenga upya ndio huo.

Mji wa kale uko kisiwani Ortigia, unavuka kwa daraja. Mbele ya Kanisa Kuu binti atataka picha; mpe dakika zake. Kisha pita ubavuni, kushoto. Mimi nilisimama pale mpaka mwenyeji wangu akanuna. Ndani ya ukuta zimo nguzo nene za hekalu la Athena, mungu wa kike wa Wagiriki wa kale, la karne ya 5 kabla ya Kristo. Wakristo waliziba mapengo kati ya nguzo, wakapata kanisa! Ule uso wa mbele, ulioanza kujengwa 1728, ni kitenge kipya alichovishwa bibi kizee. Ingia ukae, magoti yapumzike, nguzo nyingine zimo humo.

Karibu na hapo kuna chemchemi ya Aretusa, maji yasiyo na chumvi hatua chache kutoka baharini, na mafunjo yameota katikati. Vichochoro ni vya mawe, mvua ikinyesha vinateleza, kwa hiyo acha ndala nyumbani. Sweta unayovaa Julai itakutosha.

Ukiweza, nenda tarehe 13, sikukuu ya Mtakatifu Lusia. Wanaume wenye kofia za kijani hubeba sanamu yake ya fedha. Siku hiyo watu hula cuccìa, ngano nzima iliyochemshwa. Wanasimulia kwamba wakati wa njaa meli ilileta nafaka, watu hawakungoja kusaga. Ni kande tu, mama, ila wao huweka jibini laini na sukari. Usiwafundishe maharage siku ya kwanza.