Insulini ya chakula: dakika za mtoto si dakika za mzee

Mi nina kisukari aina ya kwanza tangu nikiwa na miaka 13, binti yangu akagundulika ana 4, na mjomba wangu wa miaka 68 naye yumo, kwa hiyo tukikaa mezani ni kalamu tatu za insulini na kila mtu anachoma kwa wakati wake, wageni wanabaki wametukodolea macho.

Mnaniuliza sana insulini ipi ya chakula (ile ya kuchoma kwa ajili ya mlo) inawahi zaidi. Mi huwa nauliza kwanza, huyo anayechoma anakula vipi?

Mi nilianza na ile ya zamani, unachoma unasubiri nusu saa ndo ule, halafu inakuja kukolea baada ya saa mbili tatu chakula kimeshapungua tumboni, sukari inashuka, unatetemeka darasani. Zikaja Humalog (1996), NovoRapid na Apidra, hizo robo saa kabla ya kula inatosha. Hizi za juzijuzi, Fiasp ya 2017 na Lyumjev ya 2020, ni aspart (insulini iliyomo kwenye NovoRapid) na lispro (ya Humalog) zilezile ila zimeongezewa vitu ziingie kwenye damu mapema (Fiasp wameweka vitamini B3, we acha tu), unaweza kuchoma ndo unaanza kula, au hata ndani ya dakika 20 tangu uanze.

Hizo dakika 20 kwa mtoto mdogo ni dhahabu jamani. Binti yangu nilikuwa namchoma kabla, anakula vijiko vitatu anasukuma sahani, basi saa nzima nambembeleza anywe juisi huku napima napima, roho mkononi. Daktari akatuambia tusubiri tuone amekula nini ndo tuchome, na tutumie kalamu ya nusu uniti maana kwake uniti nzima ni nyingi. Ukichoma baada, sukari inapanda kiasi mwanzoni, ni kweli, kwa hiyo alivyofika miaka 7 anakula kwa kueleweka tukarudi kuchoma kabla.

Ujanani homoni za kubalehe zinaipinga insulini, dozi yangu ilipanda mpaka nikadhani dawa imeharibika. Ila nikiwa mkweli nilikuwa naruka sindano, na hapo hata iwe ya kasi gani haikusaidii.

Mjomba sasa ni kinyume. Miaka mingi ya sukari imelifanya tumbo lake lichelewe kusaga, ya haraka inatangulia chakula kinabaki nyuma, sukari inashuka na yeye hata dalili hasikii. Daktari wake akamwambia achome akishamaliza kula, na hawambani sana na namba za sukari. Usibadili mwenyewe lakini, muulize wako.

Na kalamu zibandikeni utepe wa rangi. Mjomba usiku mmoja alichoma ya chakula akidhani ni ile ya kulalia (inayofanya kazi taratibu kwa saa nyingi), uniti 18, tulikesha tunampa sukari na kumpima mpaka alfajiri.