Kabla hujaziba vitundu vya utando wa magnesiamu

Mwanafunzi akipewa mradi wa kukinga aloi ya magnesiamu, swali lake la kwanza huwa ni "nizibe vitundu kwa dawa gani?" Dawa iweke kando kwanza. Jiulize vitundu vyenyewe vimetoka wapi, na saa hii ndani yake kuna nini.

Nazungumzia utando unaooteshwa kwa cheche. Kipande cha aloi ya magnesiamu, kama AZ31, AZ91 au WE43, kinatumbukizwa kwenye mchanganyiko wa alkali, mara nyingi KOH (haidroksidi ya potasiamu) pamoja na silikati au fosfeti, kisha umeme unapandishwa hadi mamia ya volti. Uso unaanza kumetameta. Kila cheche inayeyusha oksidi kidogo, gesi inatoka, oksidi inaganda, na pale gesi ilipopenya panabaki tundu. Karibu na metali kuna tabaka jembamba lililoshikana. Juu yake ndiko kwenye tabaka nene lenye vitundu na nyufa. Ukibadili umeme na kemikali utavipunguza, lakini hakuna aliyevimaliza.

Kwenye metali nyingine ungeweza kuvipuuza. Magnesiamu haina subira hiyo. Oksidi yake huchukua kama asilimia 81 tu ya nafasi ya metali iliyoizaa, kwa hiyo haiwezi kujifunika yenyewe barabara. Haidroksidi inayofuata hutulia pale tu maji yanapokuwa na alkali kali, pH ya 10.5 hivi na kuendelea, na kloridi huivuruga hata hapo. Ndiyo maana waliozoea aluminiamu hukwama hapa. Aluminiamu iliyotiwa anodi (iliyooteshwa oksidi kwa umeme) huzibwa kwa maji yanayochemka na kazi inakwisha. Maji ya moto kwenye magnesiamu hufanya oksidi ivimbe na kufunga baadhi ya vitundu, ila kilichoziba ni haidroksidi ileile isiyoweza kusimama mbele ya chumvi.

Sasa usafi, sehemu ambayo wengi huipita mbio na ambayo kwa maoni yangu ndiyo nusu ya kazi. Utando ukitoka kwenye tangi, vitundu vimeshiba kemikali. Usuuze kwa maji yaliyoondolewa ioni. Maji ya bomba yana kloridi, nawe utakuwa unaifungia adui ndani ya ngome. Puliza kwa hewa kavu, kisha kausha kwenye oveni. Maji yakibaki ndani ya vitundu, resini haiingii. Nayo ikipashwa moto ili ikomae, mvuke unatafuta njia ya kutokea na kukuachia matundu mapya juu ya yale ya zamani. Kama maabara yenu iko Dar es Salaam au Mombasa, hewa yenyewe ina unyevu na chumvi, hivyo usiache sampuli mezani hadi kesho. Iweke kwenye chombo chenye silika jeli, uishike kwa glavu.

Kuhusu dawa yenyewe, mimi huanza na epoksi. Hausingi za giaboksi za helikopta zimekuwa zikizibwa kwa resini kwa miaka mingi, na sababu inaeleweka: resini inaingia, inakomaa, haiyeyuki. Koti la kwanza liwe jepesi sana, limechanganywa na thina ili lipenye. La pili ndilo lijenge unene. Kama kuna pampu ya ombwe, itumie, kwa sababu hewa iliyonaswa kwenye kitundu kisicho na njia ya pili haitoki kwa kubembelezwa. Silikati ya sodiamu ni rahisi na ina alkali, kwa hiyo haiushambulii utando. Soli-jeli, yaani kimiminika kinachoganda kuwa utando mwembamba, ni nzuri pia, lakini soma pH yake kabla: nyingi huandaliwa kwa asidi, na asidi hiyo itakula oksidi uliyoitolea jasho. Chumvi za seriamu zina faida nyingine, kwamba hutuama penyewe pale ulikaji unapopandisha pH. Asidi ya steariki inakupa picha tamu za matone yanayobiringika, ila ukikwaruza kidogo uzuri umekwisha. Kromati ya zamani iache. Inafanya kazi, na inasababisha saratani.

Kwenye vipimo, usitegemee mkunjo mmoja wa polarishaji, yaani grafu ya mkondo wa umeme dhidi ya volti. Magnesiamu ina tabia ya ajabu: ukiisukuma upande wa anodi, hidrojeni huzidi kutoka badala ya kupungua, na hesabu za kawaida hupotosha. Kusanya hiyo hidrojeni kwenye bureti iliyogeuzwa. Mililita 1 kwenye joto la chumba ni karibu miligramu 1 ya magnesiamu iliyokwenda, kipimo rahisi kisichohitaji mashine. Impedansi, yaani jinsi utando unavyoukinza umeme wa kubadilika, ifuatilie kwa siku kadhaa, maana saa ya kwanza kila utando ni shujaa. Weka sampuli tatu za kulinganisha: utando usiozibwa, dawa juu ya metali tupu, na utando uliozibwa. Hiyo ya pili wengi huisahau, na bila hiyo huwezi kujua kama kinachokinga ni vitundu kuzibwa au ni rangi tu iliyokaa juu. Kisha kata sampuli uone kwa hadubini dawa imeshuka hadi wapi. Ung'arishaji wa mwisho ufanye kwa ethanoli, si maji, la sivyo utapiga picha ya ulikaji ulioutengeneza mwenyewe. Na vumbi la msasa usiliache lirundikane: likishika moto ni mchanga mkavu, kamwe si maji.

Angalia kingo pia. Kona kali huvaa dawa nyembamba, hivyo zifanye za mviringo kwa tupa kabla ya kuingia kwenye tangi. Kifaa halisi kikifungwa kwa bolti ya chuma, weka washa ya aluminiamu ya aina ya 5052 au 6061 kati yake na magnesiamu, na mashimo ya bolti uyazibe kwa mkono, moja baada ya jingine.