Ufaransa au Uholanzi: uombe wapi viza ya Schengen?
Omba Uholanzi, ndugu yangu, hata kama ndege inatua Paris kwanza. Viza ya Schengen (eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja ya matembezi) huombwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na wewe umesema siku 6 Uholanzi, 3 Ufaransa. Siku zingelingana, ndipo ungeomba kwa nchi unayoingilia.

Kinachonitia wasiwasi hasa ni hiyo pasipoti yako inayoisha mwezi mmoja baada ya safari. Inatakiwa iwe hai angalau miezi 3 baada ya kutoka Schengen, tena iwe na kurasa 2 tupu. Ibadilishe kwanza, tafadhali, kabla hujalipa ada yoyote.

Bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Na usingoje hadi zibaki siku 15 kabla ya safari ndipo uombe: uamuzi unaweza kuchukua hadi siku 45.