Baiskeli ya Baba

Mhariri,

Juma lililopita mliwauliza wasomaji wenu hivi: filamu ya familia iliyotokana na kitabu cha watoto humgusa nani zaidi, mtoto aliyekisoma kitabu au mzazi aliyeketi kando yake, na kwa nini? Ningeweza kujibu kwa neno moja, mzazi, nikaweka kalamu chini, lakini neno hilo nililipata kwa alasiri nzima ya likizo ya Agosti, na sioni sababu ya kuwanyima wenzangu maelezo yake.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi hapa Luanda, kaunti ya Vihiga. Kila Jumamosi hukutana na watoto wapatao thelathini katika ukumbi wa kanisa, tukasoma. Muhula uliopita tulisoma kisa cha William Kamkwamba, kijana wa Malawi aliyeacha shule kwa kukosa karo katika njaa ya mwaka 2001 na 2002, akaingia maktaba ndogo ya Wimbe, akajifunza kwa kufuata michoro namna ya kujenga mtambo wa upepo kwa vyuma chakavu. Kitabu cha kwanza, alichokiandika na Bryan Mealer mwaka 2009, kilikuwa cha watu wazima. Toleo la picha kwa ajili ya watoto lilitoka mwaka 2012 na la vijana mwaka 2015. Wadogo walisoma la picha, wakubwa wanne wakamaliza la vijana. Filamu yake, The Boy Who Harnessed the Wind, ilitoka mwaka 2019, ikaongozwa na Chiwetel Ejiofor, ambaye ndiye pia aliyeiandika na kuigiza kama baba wa kijana. Kijana mwenyewe ameigizwa na Maxwell Simba, Mkenya, na habari hiyo watoto walikuwa nayo kabla sijaitamka.

Tukawaalika wazazi. Walikuja wengi kuliko nilivyotazamia, na wengi wao walikuwa nyanya na babu, kwa kuwa hapa kwetu wazazi wenyewe mara nyingi wako Nairobi au Kisumu wakitafuta riziki. Takriban wote hawakuwa wamefungua kitabu hicho hata ukurasa mmoja.

Tatizo la kwanza lilikuwa lugha. Waigizaji huchanganya Kichewa na Kiingereza, na maandishi ya chini hupita upesi kuliko macho ya mzee, kwa hiyo nilisimama kando ya skrini nikawa natafsiri kwa Kiswahili. Watoto walitarajia nichangamke kama DJ Afro, yule msimulizi maarufu wa filamu za kigeni kwa Kiswahili, na waliponisikia nikitafsiri kwa sauti ya darasani walivunjika moyo waziwazi. Hata hivyo, baada ya muda niligundua kwamba kazi yangu haikuwa kubwa nilivyodhani. Filamu imegawanywa katika sehemu, na kila sehemu hufunguliwa kwa neno moja la Kichewa: Kufesa, Kukula, Kukolola, Njala, Mphepo. La kwanza nililieleza kuwa ni kupanda. La pili, kukua, walilikisia wenyewe. Neno njala lilipotokea, peke yake, kubwa, juu ya picha ya ardhi iliyokauka, nilifungua kinywa nitafsiri, na kabla sijatoa sauti nyanya mmoja wa safu ya mbele akasema, "Inzala," kwa sauti ya chini, kama mtu anayemtaja jirani asiyempenda. Hakuna aliyehitaji maelezo zaidi, wala Mluhya, wala Mjaluo aliyekuwa akifuata kwa Kiswahili.

Muda mfupi baadaye stima ikapotea. Naam, katika filamu kuhusu umeme, na mzaha ambao msomaji anaufikiria sasa hivi ulifanywa ukumbini mara kumi. Tulikaa gizani karibu nusu saa, na nusu saa hiyo ndiyo iliyonifunza mengi. Wazee walianza kuzungumza. Waliieleza njaa ya mwaka 1984, walivyopanga foleni kununua mahindi ya manjano yaliyoletwa kutoka ng'ambo, ugali wake ulivyokuwa na rangi ambayo watoto waliikataa siku ya kwanza na kuililia siku ya tatu, na walivyopima kwa gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka, hadi punje zilizoanguka chini zikaokotwa na kurudishwa. Babu mmoja akauliza, kwa uzito kabisa, iwapo watu hao wa Malawi hawakuwa na mtu wa mvua. Hapa ni Bunyore, nchi ya ukoo wa Nganyi, ambao hata Idara ya Hali ya Hewa imeshirikiana nao katika utabiri wa mvua, kwa hiyo asiyecheka swali hilo ndiye mwenyeji. Watoto, kwa upande wao, walikuwa wakiuliza jambo moja tu katika giza hilo: "Mwalimu, mtambo utajengwa saa ngapi?"

Swali lao lilikuwa la haki. Filamu ina dakika 113, na mtambo wenyewe husimama karibu na mwisho. Kwa mtoto aliyesoma kitabu cha picha, mtambo ndio kisa. Njaa huelezwa kwa kurasa chache, kisha mikono inaanza kazi. Katika filamu njaa ndiyo kisa, na mtambo ni jawabu linalochelewa. Tulipowasha tena, watoto walisubiri, wakajinyoosha, wakaanza kuhesabu vyuma kila kijana alipofika jalalani. Walikuwa wakiitazama kama fundi anavyomtazama fundi mwenzake. Wazee walikuwa wakimtazama baba.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kilichofanywa na mwongozaji. Kitabu cha vijana husimuliwa na kijana mwenyewe kwa kusema "mimi", na msomaji haoni ila alichokiona yeye. Filamu imetoka nje ya macho hayo. Tunamwona baba akikataa kuuza miti kwa wafanyabiashara wa tumbaku, tunamwona mama akiwa nyumbani watu wanapoingia kupora nafaka iliyobaki, tunawaona wawili hao wakisemezana usiku juu ya mambo ambayo hakuna mtoto anayeambiwa. Si ajabu, nadhani, kwa kuwa aliyeshika uongozi ndiye aliyevaa mavazi ya baba. Amekichukua kisa cha mtoto mwerevu, akakifanya kuwa kisa cha mtu mzima anayeulizwa na mwanawe ampe kitu cha mwisho alichobaki nacho.

Kitu hicho ni baiskeli. Katika kitabu, baiskeli ya baba tayari ni mzoga: imeharibika, ina kutu, imeachwa ndani bila kazi. Katika filamu ni nzima, inatembea, na ndiyo pekee ya familia. Kijana anaiomba ili aikate apate vipuri vya mtambo. Baba anakataa kwa hasira na kumwamuru arudi shambani kulima udongo ambao hata mtoto mdogo anaona kwamba hautaotesha kitu.

Ningependa msomaji wa mbali aelewe maana ya baiskeli mahali hapa. Luanda iko kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia, na ni huko Busia, mpakani, ndiko usafiri wa bodaboda ulikoanzia katika miaka ya 1960, kwa baiskeli. Kabla pikipiki hazijafurika baada ya kodi yake kuondolewa mwaka 2008, wanaume wa hapa walisomesha watoto kwa kukanyaga Black Mamba, ile baiskeli nzito nyeusi, wakibeba abiria, makaa, samaki na magunia. Mzee mmoja aliyekuwa ukumbini alikuwa amekuja na yake. Alikataa kuiacha nje, akaiegemeza ukutani karibu na mlango, akaketi kwenye kiti cha mwisho ili mkono wake wa kushoto uifikie. Ilikuwa bado na dainamo ya zamani kwenye gurudumu la mbele, ile ambayo watoto wa leo hawajawahi kuiona ikiwasha taa.

Baba wa filamu alipokubali hatimaye, na fremu ikaanza kukatwa, ukumbi ulinyamaza kwa namna ambayo sikuwahi kuisikia katika miaka yangu yote ya kuwanyamazisha watu. Mzee yule akasema, bila kujua kwamba anasema kwa sauti, "Sasa sokoni atakwenda na nini?" Mjukuu wake akamgeukia: "Kuka, ngoja, itawasha!" Mzee hakungoja. Alikuwa amelishika tandiko la baiskeli yake, na machozi yalikuwa yakimtoka, wala hakujisumbua kuyafuta. Niliangaza macho nikaona wengine watatu au wanne wa umri wake katika hali hiyo hiyo. Watoto walikuwa wamesimama kwa furaha.

Nisiseme uongo, watoto pia walilia, lakini walilia mapema zaidi, Khamba, mbwa wa kijana, alipokufa kwa njaa, na walilia sana. Kifo hicho kilikuwa saizi yao. Baiskeli haikuwaliza hata mmoja. Kwao ilikuwa vipuri.

Mengine nitayapitia haraka. Dada wa kijana alipotoroka na mwalimu, wasichana wakubwa walichekacheka, mama zao wakatazama sakafu, na mzee wa kanisa akashikwa na kikohozi. Kijana aliporudishwa nyumbani kwa kukosa karo, wadogo hawakuelewa, maana wamezaliwa baada ya elimu ya msingi kufanywa bila malipo mwaka 2003. Wa sekondari walielewa vizuri mno. Mama mmoja alimtoa nje mwanawe wa miaka sita watu wa rais walipompiga chifu, kisha akaja kunikemea. Alikuwa na haki. Neno familia likiandikwa juu ya filamu haliapi kwamba kila mwenye kiti ukumbini atafaa kuiona, na nilipaswa kuitazama yote peke yangu kwanza badala ya kuamini kwamba kilichoandikwa kwa watoto kitabaki cha watoto kikifika kwenye skrini.

Malalamiko makali kuliko yote yalitoka kwa msichana wa gredi ya tano, msomaji wetu hodari. Filamu ilipokwisha, maji yakiwa yanatiririka shambani na watu wa kijiji wakishangilia, alinyosha mkono kana kwamba tuko darasani: "Mwalimu, balbu iko wapi?" Anasema kweli. Katika kitabu cha picha upepo huwasha balbu kwanza, na maji ya shambani hubaki kuwa jambo la kesho. Filamu imeiruka balbu na kwenda moja kwa moja kwenye pampu. Nilimweleza kwamba mwenye kutengeneza filamu kuhusu njaa hawezi kuimaliza kwa taa huku watu wangali na njaa, kwamba mtazamaji atauliza walikula nini. Hakuridhika. Alisema kwamba alikuwa amengojea balbu tangu mwanzo, na kwamba kama mimi ningesomewa kitabu chenye balbu nami ningeingojea. Nikiri kwamba kwa hoja hiyo alinishinda, ingawa bado naona mwongozaji alichagua vyema. Kitabu kilimwahidi yeye mwanga. Filamu haikumwahidi yeye chochote. Ilikuwa ikizungumza na watu walioketi nyuma yake.

Hii ndiyo sababu nimejibu mzazi. Kama baiskeli ingeachwa mzoga kama ilivyo kitabuni, watoto wangefurahi vilevile, pengine zaidi, kwa kuwa kazi ingeanza mapema. Ni wazee ambao wasingepata pa kuingilia. Wengi wa wenzangu walimu hulaumu filamu kwa kila kilichobadilishwa, na huhesabu mabadiliko kama makosa ya imla. Mimi mwenyewe nilikwenda ukumbini na kalamu na karatasi kwa nia hiyo, nikaandika mistari minne, kisha nikaisahau karatasi yenyewe chini ya kiti.

Siku tisa baadaye mzee wa Black Mamba alifika nyumbani kwangu akiomba kitabu. Alitaka kujua kama baba wa kitabuni naye alikataa. Nilimpa toleo la vijana, mjukuu wake akamsomea jioni jioni akimfasiria, na Jumapili akalirudisha likiwa limefungwa kwa gazeti ili lisichafuke. Nilimuuliza amelionaje. Alisema ni kitabu kizuri na kijana ni mwerevu sana, lakini baiskeli ile ilikuwa imekwisha kufa, na mtu hawezi kusifiwa kwa kutoa kilichokufa. Kisha akaniuliza kama ile filamu inaweza kuonyeshwa tena Desemba, mwanawe wa kwanza atakapokuja kutoka Nairobi.