Kwa mleta mada aliyeomba miezi 8 bila kuona kitu

Mkuu mleta mada, umesema umeachishwa kazi, mama anaumwa, umefunga na kuomba miezi 8, na sasa unachoogopa zaidi ni imani yenyewe kukuponyoka. Nimesoma majibu yote. Nusu ya wadau wamekutupia Yeremia 29:11, ile Mungu anasema anawawazia watu wake mawazo ya amani na tumaini, nusu wamekuambia imani yako ndogo. Mimi niliambiwa yote mawili ndani ya wiki moja, na yote yaliniumiza, kwa hiyo nivumilie, nitaandika kirefu.

Ni mkulima wa viazi, Rungwe, huku juu Isongole, ukitoka Uyole kwenda Tukuyu. Kanisani ni Mmoraviani, wa kuzaliwa zaidi kuliko wa kuchagua. Mwaka 2017 nilikodi ekari 2 za nyongeza, nikakopa 1,800,000, nyingine kwenye kikundi, nyingine kwa hawa wakopeshaji wa riba kubwa tunaowaita kausha damu. Mke wangu alikuwa mjamzito. Mwezi wa 11 akajifungua kabla ya siku zake, mtoto wa kike. Aliishi siku 3. Tulimzika makaburi ya kanisani kwa sababu nyumba tuliyokaa ilikuwa ya kupanga, na huwezi kumwachia mwenye nyumba kaburi lako.

Mwezi wa 12 ukungu, ule ugonjwa wa viazi, ukaingia shambani. Asiyelima viazi hajui hiki kitu. Jumatatu unaona madoa machache kwenye majani, kama mtu kayamwagia maji ya moto. Ukigeuza jani, chini kuna unga mweupe. Unapiga dawa asubuhi, jioni mvua inaiosha yote. Unapiga tena, dawa inaisha, hela inaisha. Jumapili shamba zima ni jeusi na linanuka. Nilifukua shina moja nione, nikakuta viazi vitatu, ukubwa wa gololi. Nikavifukia tena. Mpaka leo sijui nilivifukia nikitegemea nini.

Baada ya hapo nikafanya ujinga. Nilikwenda mjini kwa mtumishi wa Mungu mmoja, akaniambia nipande mbegu, yaani nitoe sadaka, na ndani ya siku 21 nitaona mlango ukifunguka. Nikatoa 150,000. Ilikuwa hela ya rejesho. Siku ya 21 mlango ulifunguka kweli, wakaingia vijana wa mkopo wakabeba redio na godoro. Mke wangu akalala kwenye mkeka, na maziwa yalikuwa bado yanamtoka.

Niliacha kuomba. Sikumtangazia mtu, niliacha tu. Kanisani nilikwenda kwa sababu mke wangu anakwenda, na kurudi peke yake ile njia ina utelezi.

Mzee mmoja wa kanisa akaja nyumbani jioni. Nilijiandaa kuhubiriwa. Akakaa, akanywa chai ya rangi, akaomba Biblia yetu, akasoma Zaburi ya 88 yote, akaifunga. Nenda kaisome. Zaburi nyingi za kilio zinageuka mwishoni, mtu analia halafu anashukuru. Hii haigeuki, inaishia gizani. Nikamuuliza, mbona kama haijaisha? Akasema, "Imeisha hivyo hivyo, mwanangu. Na wameiacha humo humo." Akaaga.

Mkuu, hiyo ndiyo iliyonirudisha kwenye maombi, ingawa maombi yenyewe hayakuwa mazuri. Kwa miezi kama mitatu nilikuwa na maneno mawili tu, yale ya Zaburi ya 13: hata lini? Wakati mwingine niliyasema kwa hasira huku napalilia shamba la mtu kwa kibarua. Kwa hiyo ukiniuliza kama kumlalamikia Mungu ni kukosa imani, mimi naona aliyekosa imani hana hata wa kumlalamikia.

Sasa hiyo Yeremia 29:11. Ni neno zuri, sina ugomvi nalo, tatizo ni kwamba watu wanaruka aya ya 10. Ile ni barua kwa watu waliopelekwa utumwani Babeli, na aya ya 10 inawaambia watakaa huko miaka 70. Sabini! Wengi waliosikia ile barua ikisomwa walijua watazikwa huko. Na sura moja nyuma yuko nabii Hanania, yeye anatangaza kwamba ndani ya miaka miwili mambo yote yatakuwa sawa. Hanania alikuwa mwongo. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu, nikakumbuka siku zangu 21. Halafu angalia wale watumwa wanaambiwa wafanye nini wakati wanasubiri: wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na waozeshe.

Kupanda nilikuwa tayari, mbegu ndiyo sikuwa nayo. Mwezi wa 2 akina mama wa kanisa wakaja wamejitwisha viazi vya mbegu, ukijumlisha vyote ni kama madebe manne. Kila mmoja alileta alichonacho. Bibi mmoja, ambaye mwenyewe anasaidiwa, alifungua pindo la kanga akatoa viazi saba. Alivihesabu mbele yangu, kimoja kimoja, kama anayelipa deni. Nikapanda robo ekari.

Pasaka ya 2018 iliangukia tarehe 1 mwezi wa 4. Kwa wasiojua, Wamoraviani alfajiri ya Pasaka tunasali makaburini. Ni desturi iliyoanzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, na kwetu ililetwa na wamisionari waliofungua Rungwe mwaka 1891. Jumamosi tunakwenda kusafisha makaburi. Mke wangu aling'oa majani kwa mikono, jembe alilikataa, kale kakaburi kalikuwa kadogo mno kwa jembe.

Kesho yake tulifika bado giza. Ukungu ulikuwa umetanda, safari hii ule wa hewani, mtu wa hatua kumi humwoni. Matarumbeta yakapiga, na midomo ya wapigaji ilikuwa inatetemeka kwa baridi, sauti zikawa zinayumba. Mchungaji akasema Bwana amefufuka. Tunaitikia, amefufuka kweli kweli. Usifikiri nilishukiwa na furaha. Viatu vilikuwa vimelowa, nilikuwa nawaza deni. Lakini niliitikia nikiwa nimesimama hatua moja kutoka kwa binti yangu, na sikujisikia mwongo. Ni hicho tu nilichopata asubuhi ile, na kwa miaka kadhaa nimeishi nacho.

Deni nilimaliza 2020, kwa vibarua na viazi, hakuna muujiza wa kusimulia. Kausha damu sijawagusa tena. Mtoto mwingine hatujapata. Naandika hivi ili mtu asije akasema "unaona, Mungu alimrudishia".

Wewe mkuu, kufunga punguza, mtu anayemuuguza mzazi anahitaji kula. Kama hulali kabisa au unawaza kujidhuru, nenda hospitali na umwambie mtu leo hii, wala si dhambi. Na kama kuomba kumekushinda, kaa tu katikati ya wanaoomba, hata nyuma kabisa karibu na mlango.

Nimejaribu kukuandikia PM, ujumbe wa faragha, nikaona umefunga. Ifungue. Kama mama anatibiwa hapa Mbeya mjini, mke wangu huwa anashuka Alhamisi kuuza viazi soko la Mwanjelwa, atapita kumwona, na hatamhubiria.