Pakiti ilifika, jibu ndilo lililopotea

Msimu wa TFC (kazi ya kuandika ya mwisho wa masomo) ukifika hapa Lubumbashi, sekreteriati, yaani ofisi za kuchapa kazi za watu, za njia ya Kasapa hazipumui. Wanafunzi wa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wanabanana mlangoni na flashi mkononi, kila mmoja anataka kazi yake itoke leo. Ndipo mama mmoja mwenye sekreteriati ya vyumba viwili aliponiita. Chumba cha mbele wanakaa wachapaji watano. Cha nyuma kina printa kubwa, kompyuta ya kuhifadhia faili na modemu ya intaneti. Alitaka wachapaji watume kazi nyuma bila kutembeza flashi, ila intaneti wasiione kabisa. "Wakifungua Facebook, TFC za watu zitalala hapa."

Nikachukua kompyuta kuukuu, nikaitia kadi mbili za mtandao na Debian (aina ya Linux), iwe ruta ya kupitisha data kati ya vyumba viwili. Kadi enp2s0 inatazama mbele, anwani 192.168.10.1. Kadi enp3s0 inatazama nyuma, 192.168.20.1. Printa ni 192.168.20.30. Modemu niliikuta pale, 192.168.20.254. Hiyo ya mwisho ishike, tutairudia.

Nikajaribu. Kutoka kompyuta ya mbele nikatuma ping (ujumbe mfupi wa kuuliza "upo?") kwa 192.168.20.1, ikajibu. Kutoka kwenye ruta yenyewe nikatuma kwa printa, nayo ikajibu. Nikafunga begi. "Mama, imeisha."

"Papa, sasa mbona mchapaji wangu Yaya pale karatasi haitoki?"

Majaribio yangu yote mawili yalikuwa ya bure, na nimeona mafundi wengi wakijidanganya nayo vilevile. Linux ikiulizwa anwani yake yoyote inajibu, hata kama swali limeingilia kadi nyingine. Kwa hiyo 192.168.20.1 kujibu kunaonyesha tu kwamba upande wa mbele ni mzima. Nayo ruta ikisema na printa inatumia anwani yake ya upande uleule, ni majirani wa ukuta mmoja. Hakuna pakiti (kipande cha data kinachosafiri mtandaoni) hata moja iliyokuwa imevuka.

Nikaangalia kwanza mpangilio unaoruhusu pakiti kuvuka:

cat /proc/sys/net/ipv4/ip_forward

Ikatoka 0. Maana yake mashine hii haipitishi pakiti za wengine, na Debian huja hivyo. Nikaandika sysctl -w net.ipv4.ip_forward=1, nikajaribu tena kutoka mbele. Kimya.

Hapo nikapoteza kama saa tatu. Nilifuta sheria za iptables (faiwoli ya Linux, mlinzi wa kuruhusu au kukataa pakiti), nikabadilisha waya, nikahamisha kadi moja kwenye tundu jingine, nikawasha upya kila kitu, huku wanafunzi wakinitazama kama mimi ndiye nimekula mshahara wao. Kosa langu lilikuwa kutengeneza kabla ya kutazama. Chombo cha kutazamia kilikuwepo tangu asubuhi:

tcpdump -ni enp2s0 icmp
tcpdump -ni enp3s0 icmp

Fungua madirisha mawili, moja kwa kila kadi, kisha mtu wa mbele atume ping. Kwenye enp3s0 mistari ikawa inashuka:

IP 192.168.10.7 > 192.168.20.30: ICMP echo request

Request, request, request: maswali tu. Hakuna reply (jibu) hata moja. Yaani ruta ilikuwa inafanya kazi yake vizuri, pakiti inatoka upande wa pili, na mimi bado naifungua kwa bisibisi! Kama ungeiona inaingia enp2s0 lakini haitoki enp3s0, hapo kweli shaka ni ya ruta: angalia ip_forward, kisha iptables -S FORWARD. Ukikuta -P FORWARD DROP (pakiti za kuvuka zitupwe) na hukumbuki kuiandika, jiulize kama uliweka Docker, programu ya kuendesha programu nyingine ndani ya makasha, kwenye mashine hiyo. Ina tabia hiyo.

Nikaenda kwenye printa, nikaingia menyu ya mtandao. Lango, ile tunayoiita pasereli, ambako printa inapeleka kila kisicho cha majirani zake: 192.168.20.254. Hapo mambo yakafunguka. Printa inapokea swali la 192.168.10.7, inaona huyo si jirani yake, inampa modemu jibu apeleke. Modemu haijui kwamba kuna chumba cha mbele, inalitupa upande wa intaneti, ambako anwani za 192.168 hazina njia.

Tangu siku hiyo nina jaribio ninalolifanya kabla ya lolote, nikiwa nimekaa kwenye ruta:

ping -I 192.168.10.1 192.168.20.30

Ruta inasema na printa ikivaa anwani ya mbele. Ping ya kawaida ikijibu na hii ikinyamaza, mwenye tatizo ni upande wa pili, hajui njia ya kurudi. (Kompyuta ya Windows ni kesi yake: faiwoli yake mara nyingi inakataa ping ya mtandao wa kigeni hata njia ikiwa sawa.)

Kuna rafiki aliniambia niweke masquerade tu, printa idhani kazi zote zinatoka 192.168.20.1. Inafanya kazi, sikatai. Lakini Mama anahesabu kurasa za kila mchapaji kwa anwani iliyobaki kwenye kumbukumbu ya printa, na malipo yanafuata hapo. Wachapaji watano wakigeuka mtu mmoja, mwisho wa wiki ni vita. Nikabadilisha lango la printa kuwa 192.168.20.1. Kompyuta ya faili, kwa kuwa inahitaji intaneti, nikaiachia modemu na kuiongezea njia moja:

ip route add 192.168.10.0/24 via 192.168.20.1

Karatasi zikatoka. Siku ya pili umeme ukakatwa, kama kawaida ya mtaa ule. Uliporudi, simu: "Papa, ugonjwa umerudi."

Sikuuliza habari za waya. Nilimwomba Yaya anisomee namba moja tu, ile ya cat.

"Sifuri," akasema.

Yale niliyoandika kwa sysctl -w yanaishi mpaka mashine izimwe. Nikamsomea herufi kwa herufi, akaweka net.ipv4.ip_forward=1 ndani ya /etc/sysctl.d/90-ruta.conf, kisha sysctl --system. Ile njia ya kompyuta ya faili nayo ilikuwa imepotea kwa sababu ileile, ikabidi tuiingize kwenye /etc/network/interfaces. Nikasikia printa ikianza kuunguruma kabla sijakata simu.