Maswali na Majibu: Siku Moja Orvieto, Mji wa Juu ya Jabali

Kiangazi kikikaribia, barua za wasomaji walioko Italia hubadilika. Za kodi ya nyumba na vibali vya kukaa hupungua, zikaja za matembezi. Safari hii wengi wanaulizia miji ya kale iliyojengwa vilimani, ile ya kwenda asubuhi na kurudi jioni. Nimechagua yanayohusu Orvieto, katika mkoa wa Umbria, kwa sababu ndiko ninakopeleka wageni wangu.

Tutakuwa Roma wiki moja. Marafiki wanatuambia twende San Gimignano tukaone minara, wewe unaisifia Orvieto. Kwa nini? (Mume na mke, Nairobi)

San Gimignano sina ugomvi nayo. Minara yake 14 iliyobaki ilijengwa na familia tajiri zilizokuwa zikishindana nani ainue wake juu zaidi, na inapendeza kuitazama. Lakini mji ule hauna stesheni. Hata anayetoka Florence, ambako ni karibu, mara nyingi hubadilishia basi katika mji wa Poggibonsi. Mkitoka Roma, nusu ya siku itaishia njiani.

Orvieto iko kwenye reli ya Roma na Florence, saa moja na ushee kwa treni. Jabali lenyewe mtaliona dirishani kabla hamjafika: bapa juu, kuta zake zimesimama wima, na mji mzima umekaa pale. Ni jiwe la volkano liitwalo tufo, laini kiasi cha kuchimbika kwa sururu. Waetruski, watu wa kale wa Italia ya kati, waliishi juu yake mpaka Warumi walipouvunja mji wao mwaka 264 kabla ya Kristo. Baadaye mapapa nao walipoona Roma hakukaliki, walikimbilia huko. Anayelala Florence aende San Gimignano. Ninyi mnalala Roma, nendeni Orvieto.

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi na mfuko wangu ni mwepesi. Nitaweza? (Msomaji, Roma)

Marahaba, utaweza. Panda treni ya mkoa, ile inayoitwa regionale. Nauli yake haipandi kwa kuchelewa kununua, kwa hiyo hata ukiamka na kuamua siku hiyo hiyo hujapoteza kitu. Ukiwa na tiketi ya karatasi, igonge kwenye kimashine kabla ya kupanda, la sivyo mkaguzi atakupiga faini na hatajali kwamba ulilipa.

Mbele ya stesheni kuna funikulare, behewa linalovutwa kwa kamba ya chuma mpaka juu. Ilianza mwaka 1888 ikiendeshwa kwa maji. Tangi la behewa la juu lilijazwa, likawa zito, likashuka huku likilivuta la chini lipande. Iliporudishwa kazini mwaka 1990 ilikuwa tayari ya umeme.

Kahawa inywe umesimama kaunta, kwani ukiketi mezani bei huwa nyingine. Kwenye mgahawa utaona "coperto" kwenye bili. Hiyo ni pesa ya kukaa na kuwekewa mkate, hawajakuibia. Nunua jibini na mkate dukani kabla ya saa saba mchana, maana maduka mengi madogo hufunga wakati huo wenyewe wakala na kupumzika. Na usishangae mkate wa Umbria kukosa chumvi, ndivyo unavyookwa.

Vya bure ni vingi. Tembea mtaa wa kale upande wa magharibi mpaka kanisa dogo la San Giovenale, lililoanzishwa mwaka 1004 ukingoni kabisa mwa jabali. Kisha mchana rudi uketi mbele ya kanisa kuu. Uso wake unaelekea magharibi, na jua likianza kuteremka mozaiki zote, zile picha za vijiwe vya rangi, zinawaka. Sogea karibu na nguzo ya kwanza kushoto, ambako Uumbaji umechongwa kwenye marumaru. Adamu amelala usingizi na Mungu anaufungua ubavu wake kwa mkono. Kuingia ndani ni kwa tiketi, kutazama nje hakuna anayekudai.

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mtawa kutoka Tanzania, nasoma Roma. Je, ni kweli sikukuu ya Ekaristi ilianzia Orvieto? (Sista)

Milele na amina, Sista. Jibu ni ndiyo, ila si yote. Kwa mapokeo, mwaka 1263 padre mmoja kutoka Prague, aliyekuwa akisumbuliwa na mashaka juu ya Ekaristi, aliadhimisha misa Bolsena, na hostia ikadondosha damu juu ya kitambaa cha altare. Papa Urbano IV alikuwa akiishi Orvieto, akaletewa kitambaa hicho. Mwaka uliofuata, 1264, akiwa palepale, alitoa hati iitwayo Transiturus inayoamuru Kanisa lote liadhimishe Sikukuu ya Mwili wa Kristo.

Lakini sikukuu yenyewe ilikuwa tayari ikiadhimishwa jimboni Liège, Ubelgiji ya leo, na Urbano aliwahi kutumikia huko kabla hajawa Papa. Hati yake haiutaji muujiza wa Bolsena hata kwa neno moja. Mtakatifu Thoma wa Akwino naye alikuwa akifundisha Orvieto miaka hiyo, na ndiye anayehesabiwa mtunzi wa sala na nyimbo za siku hiyo. Tantum Ergo mnayoimba mkiabudu Sakramenti ni beti za mwisho za mmojawapo wa nyimbo hizo.

Kitambaa kimehifadhiwa kwenye kikanisa cha upande wa kushoto ndani ya kanisa kuu, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1290. Siku ya sikukuu huwa na maandamano, wenyeji wakivaa mavazi ya zama za kati. Ni pazuri, ila mtabanana. Kama ni kusali kwa utulivu, chagueni siku ya kawaida.

Mkishasali, vukeni upande wa kulia. Kikanisa cha San Brizio kilianza kuchorwa na Fra Angelico mwaka 1447, kikakaa bila kumalizika miaka zaidi ya hamsini, ndipo Luca Signorelli alipokikamilisha kati ya 1499 na 1504. Tafuta picha ya Mpinga Kristo akihubiri. Sura yake imefananishwa na ya Yesu, na shetani amejibana nyuma yake akimnong'oneza sikioni. Angalia ule mkono unaojitokeza kwenye vazi lake: huwezi kusema kwa hakika ni wake au ni wa shetani. Kwenye kona ya chini kushoto wamesimama watu wawili waliovaa nguo nyeusi wakitazama. Mmoja ni Signorelli mwenyewe, mwingine ni Fra Angelico. Ukutani kwingine wafu wanafufuka, wanajivuta kutoka kwenye ardhi nyeupe kama watu wanaojinasua matopeni, baadhi wakiwa bado mifupa mitupu. Kwangu mimi hiki ndicho chumba cha kwenda kukiona Orvieto, hata kwa asiyekuwa Mkristo.

Nimeona bango la Kisima cha Mtakatifu Patrick. Yaani nilipe kuona kisima? Kwetu Dodoma visima tunachungulia bure. (Fundi, yuko Bologna)

Lipa, fundi. Wewe hasa ndiye wa kukiona.

Mwaka 1527 jeshi la Kaisari Karoli wa Tano, lililokuwa halijalipwa mishahara, liliivamia Roma na kuipora. Papa Klementi VII alizingirwa ngomeni, akashikiliwa humo kwa miezi kadhaa, kisha akatoroka kwa kujibadilisha mavazi, akafika Orvieto. Jabali lile adui hapandi kirahisi, lakini lina kasoro moja: juu maji ni ya shida. Akizingirwa tena, kiu itamtoa. Akamwagiza msanifu Antonio da Sangallo Mdogo achimbe mpaka maji yapatikane. Klementi alifariki mwaka 1534 kabla kazi haijaisha. Ilikamilika mwaka 1537, chini ya Papa Paulo III.

Kina chake ni zaidi ya mita 50, upana mita 13. Maji hayakuvutwa kwa kamba, yalibebwa na punda. Sasa fikiria kazi: punda anashuka na viriba vitupu, mwingine anapanda na vilivyojaa, na njia ni nyembamba. Sangallo akajenga ngazi mbili za mzunguko, moja juu ya nyingine, kila moja na mlango wake. Punda aliingia mlango huu, akashuka, akavuka kidaraja kule chini kwenye maji, akapanda kwa ngazi ya pili na kutokea mlango mwingine. Hawakukutana kamwe.

Vipandio ni 248, vipana na vifupi kwa ajili ya kwato. Ukutani kuna madirisha 70 yanayoingiza mwanga kutoka katikati ya shimo. Ukichungulia utaona vichwa vya watu madirisha ya ng'ambo, utawapungia mkono, nao wako kwenye ngazi nyingine kabisa. Chini kuna baridi hata Agosti, beba sweta. Kisima kiko karibu na funikulare inapoishia, kwa hiyo kianze asubuhi, magoti yakiwa bado na nguvu.

Watoto wangu huchoka na makanisa baada ya dakika kumi. (Mama wa watatu, Milano)

Wapeleke chini ya mji. Jabali limechimbwa mapango zaidi ya elfu moja, na karibu na kanisa kuu huanzia ziara ya kuongozwa inayoingia kwenye baadhi yake. Wataona kinu cha kukamulia zeituni, visima vyembamba vya Waetruski, na kuta zilizotobolewa vijishimo vya mraba, safu juu ya safu. Hivyo ni viota. Familia zilifuga njiwa mapangoni chini ya nyumba zao, njiwa wakiruka nje kupitia matundu ya jabali kujitafutia chakula na kurudi kutaga, na mwenye nyumba akipata kitoweo bila kutoka mjini. Njiwa bado wanaliwa kwenye migahawa ya Orvieto. Hilo waambie watoto baada ya chakula, si kabla.

Bibi yao akiwa na magoti mabovu, kisima na mapango awaachie wanaoyaweza. Funikulare, basi dogo la kumfikisha uwanja wa kanisa kuu, na kiti cha kivulini vinamtosha.

Assalaam alaykum. Sisi ni familia ya Kiislamu, asili yetu Mombasa. Tutakula nini? (Baba, Torino)

Wa alaykum salaam. Umbria ni nchi ya nguruwe, bora mjue mapema. Jihadharini na neno "cinghiale", kwa sababu linapendeza kwenye menyu na watu husema ni nyama ya porini tu, kumbe ni nguruwe mwitu. "Guanciale" na "strutto" nazo ni nguruwe, ya pili ikiwa mafuta yanayoweza kuingia hata kwenye mikate. Nyama nyingine nazo mara nyingi hupikwa kwa mvinyo. Agizeni umbrichelli, tambi nene za unga na maji, kwa tartufo (uyoga wa chini ya ardhi) au nyanya, na mseme "senza maiale, senza vino", yaani bila nguruwe, bila mvinyo. Watawaelewa.

Nikikodi gari, nitaweza kuongeza Civita di Bagnoregio siku hiyo hiyo? (Kijana, Dar es Salaam)

Gari liache chini, maegesho ya Campo della Fiera, kisha panda kwa lifti au ngazi za umeme. Katikati ya mji kuna eneo lililozuiliwa magari ya wageni, linalindwa kwa kamera, na faini hukufuata mpaka kwenye kampuni iliyokukodishia hata ukiwa umesharudi nyumbani.

Civita, mji mwingine mdogo wa juu ya kilima, ni karibu, inafikiwa kwa daraja la miguu tu, na inawezekana kabisa kuziona zote mbili kwa siku moja. Mimi nisingefanya. Utakuwa barabarani saa ile ile mozaiki za kanisa kuu zinapoanza kuwaka.